Uliza Nani Aliyeitoa Anwani Hiyo

Wanangu mnaoingia kwenye ufundi wa kompyuta, na ninyi ambao hamkukusudia kuwa mafundi ila ndugu na majirani wameshawafanya mafundi wa ukoo, nina neno nataka kuwaachia. Mara nyingi atawajia mtu kashika laptopu, uso umekunjamana, anasema: "Humu ndani kuna anwani siijui. Nimeingiliwa." Huenda ameona namba inayoanza na 169.254 mahali alipozoea kuona 192.168. Huenda ameletewa ujumbe kwamba akaunti yake imefunguliwa kutoka mji asioufahamu. Huenda rafiki kamfundisha amri moja, akaiandika, skrini ikajaa namba za ugenini. Msimcheke. Hofu yake ni ya kweli hata kama namba yenyewe haina ubaya wowote.

Ninachowaomba ni hiki: kabla ya kugusa chochote, ulizeni nani aliyeitoa anwani hiyo. Anwani ya IP haizuki. Ama ruta imeitoa, ama kompyuta imejipa yenyewe, ama programu fulani imeitengeneza, ama mtu ameiandika kwa mkono, ama kampuni ya simu imeigawa. Ukishamjua mtoaji, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Usipomjua, kila utakalofanya ni kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye kompyuta.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona kompyuta nyingi zikipigwa Windows upya kwa kosa la waya. Picha za msiba wa mama, hesabu za duka za mwaka mzima, tasnifu iliyobaki sura moja, vyote vinafutwa, na ikiwashwa tena anwani ni ile ile, maana tatizo halikuwamo ndani ya kompyuta. Fundi anayekimbilia kufuta anafuta pia ushahidi ambao ungemwonyesha kilichotokea.

Basi anza na kalamu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, na unakili kinachotokea au ukipige picha. Kwenye Linux amri ni ip addr, kwenye Mac ni ifconfig. Wengi husoma mstari wa anwani peke yake wakafunga. Wewe, kwenye Windows, soma pia lango, soma mstari ulioandikwa DHCP Server, soma tarehe ambayo anwani ilipatikana, soma seva za DNS. Ile tarehe hasa huwa inapuuzwa, nayo ndiyo itakayokuambia kama jambo limeanza leo asubuhi au limekuwapo tangu juzi bila mtu kujua. Muulize na mwenyewe: ni nini kilibadilika? Umeme ulikatika? Mmeleta printa mpya? Kuna mtu kahamisha meza? Kuuliza si ujinga, na katika kazi hii majibu ya mteja mara nyingi yanafika mbali kuliko amri zako.

Anwani ngeni utakayokutana nayo kuliko zote ni ile ya 169.254, kwa hiyo uifahamu vizuri. Kompyuta ikiunganishwa na mtandao huita: nani hapa anagawa anwani? Ruta hujibu kwa kupendekeza moja, kompyuta huiomba ile iliyopendekezwa, ruta huthibitisha. Ni ujumbe wa mara nne, na utaratibu huo ndio unaoitwa DHCP. Sasa ikiita na asijibu yeyote, kompyuta hujichagulia namba kati ya 169.254.1.0 na 169.254.254.255, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna jirani aliyekwisha kuishika. Windows ilifanya hivyo tangu Windows 98, na kanuni yake ikaandikwa rasmi Mei 2005 katika waraka uitwao RFC 3927. Waliobuni walikuwa na nia njema: kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya bila ruta ziweze kupeana mafaili. Kwa hiyo namba hii haisemi "nimeingiliwa". Inasema "niliita, sikujibiwa."

Kwa nini haikujibiwa? Hapo ndipo kazi ilipo. Tazama kwanza kama ni kompyuta moja au zote. Ikiwa ni moja, shika waya wake: kichwa kimelegea, kipande cha plastiki kimevunjika, tundu la swichi limekufa. Ikiwa ni zote, nenda kwenye ruta. Kwetu huku umeme unapokatika na kurudi, swichi huweza kuamka salama huku ruta imeganda, taa zinawaka lakini haigawi kitu. Zima, subiri kidogo, washa. Kuna na sababu nyingine ambayo vijana wengi hawaiwazii: anwani zimekwisha. Ruta imepangiwa kugawa anwani hamsini tu, na kila anayepewa anaishikilia siku nzima. Kwenye hosteli, au kwenye zahanati ambapo wagonjwa wanaunga simu zao kwenye waifai wakisubiri daktari, hamsini zinamalizika kabla ya adhuhuri. Simu zimeondoka na wenyewe, anwani zimebaki zimeandikwa majina yao. Mhasibu anayewasha kompyuta yake mchana anakuta hakuna iliyobaki. Dawa yake ni kufupisha muda wa kuishikilia anwani uwe saa moja au mbili, au kupanua kiasi kinachogawiwa. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na haihitaji bisibisi yoyote.

Nakukataza njia moja ya mkato: kuandika anwani kwa mkono ili mteja aondoke ameridhika. Leo itafanya kazi. Kesho ruta, ambayo haikuambiwa, itampa mtu mwingine namba ile ile, na vifaa viwili vitaanza kugombana. Intaneti itakuja na kukatika, itakuja na kukatika, na hakuna fundi atakayekuja baada yako atakayeelewa upesi. Ikiwa lazima uandike kwa mkono, kwa printa kwa mfano, chagua namba iliyo nje ya zile zinazogawiwa, kisha iandike kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa ruta.

Sasa kuna hali ya kinyume: kompyuta iliita, ikajibiwa, lakini na asiyepaswa kujibu. Ofisi nzima hutumia anwani za 10.0, halafu asubuhi moja nusu ya kompyuta zinaonyesha 192.168.1 na hazifiki popote. Zote mbili ni anwani za ndani, zilizotengwa na waraka RFC 1918 wa Februari 1996 pamoja na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na yeyote duniani anaweza kuzitumia ndani ya nyumba yake. Hivyo namba yenyewe si haramu, ila si ya ofisi hiyo. Rudi kwenye ule mstari wa DHCP Server. Hapo imeandikwa anwani ya aliyejibu, na utakuta ni 192.168.1.1 au mfano wake, kifaa usichokijua.

Mara nyingi mkosaji ni ruta ndogo iliyoletwa kutoka nyumbani. Mwalimu alitaka waifai ifike chumba cha walimu, akachukua waya wa ukutani, akauchomeka kwenye tundu la LAN badala ya lile la WAN. Kuanzia hapo ile ruta ndogo inagawa anwani kwa shule nzima, na kila kompyuta inayoita hupokea jibu la yule aliyewahi. Kumtafuta, andika arp -a kwenye kompyuta iliyopotoshwa, utazame herufi na tarakimu kumi na mbili zilizo mbele ya anwani ya lango. Sita za mwanzo hutaja kiwanda kilichotengeneza kifaa, maana viwanda husajili sehemu hiyo kwa taasisi ya IEEE. Ukijua chapa, unajua unatafuta boksi la namna gani. Lakini herufi ya pili ikiwa 2, 6, A au E, jua kwamba namba hiyo imetungwa na programu wala haikutoka kiwandani, kama zifanyavyo simu za siku hizi kwa ajili ya faragha. Usipolipata kwa macho, nenda kwenye swichi, chomoa waya mmoja mmoja mpaka yule mgawaji atulie, kisha fuata waya huo hadi unakoishia. Swichi za bei ya juu zina uwezo wa kukataa jibu la DHCP kutoka tundu lisiloruhusiwa, na kama bajeti ipo, mshauri mwenye ofisi anunue ya aina hiyo.

Ukimpata mwalimu yule, mheshimu. Mchukue pembeni, mwonyeshe tundu sahihi, uzime ugawaji wa DHCP kwenye ruta yake, na waifai yake ibaki inafanya kazi. Alikuwa na shida halali ambayo hakuna aliyemtatulia. Ukimtangaza mbele ya wenzake, safari nyingine watu wataficha vifaa vyao ndani ya kabati, na wewe utachomoa nyaya mpaka usiku.

Kuna anwani nyingine zisizohitaji muda mrefu. Ukiona 192.168.56.1, mtu ameweka VirtualBox. Ukiona 172.17.0.1, ni Docker. Namba 192.168.137.1 ni Windows yenyewe ikigawia wengine intaneti, na 172.20.10 ni ya kompyuta iliyoungwa kwenye iPhone. Hizo hutengenezwa na programu, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuwa nazo tatu kwa pamoja bila tatizo. Anwani ndefu inayoanza na fe80 iko kwenye karibu kila kompyuta ya kisasa, ni ya IPv6, na haivuki mtandao wa ndani. Anwani nyingine za IPv6 hubadilika zenyewe mara kwa mara, makusudi, ili mwenyewe asifuatiliwe. Usizizime kwa sababu tu zinakusumbua macho.

Orodha ya netstat inahitaji subira zaidi. Ukiandika netstat -ano utaona kompyuta imeshikana mikono na dunia: anwani nyingi, nyingine za Marekani, nyingine za Ulaya. Usimwambie mteja "hawa wote wanakuchungulia". Mistari ya 127.0.0.1 ni kompyuta ikiongea na nafsi yake. Namba 0.0.0.0 ina maana kwamba programu inasikiliza kwenye kadi zote za mtandao. Ukikutana na 224.0.0.251 au 239.255.255.250, ni vifaa vya ndani vikitafutana, printa, televisheni na mfano wake. Jina linaloishia na 1e100.net, litokealo ukiandika amri bila ile n, limetisha watu wengi, nalo ni la Google: ni moja na sifuri mia moja, ile namba kubwa ambayo kampuni ilijipatia jina kutokana nayo. Safu ya mwisho ya orodha ndiyo unayoihitaji. Ina namba ya programu iliyofungua mawasiliano, na ukiichukua hadi kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa utajua ni nani. Kisha uliza faili lake linakaa wapi. Programu inayojiita svchost.exe inayokaa ndani ya folda ya Windows, katika System32, ni ya mfumo. Inayojiita jina hilo hilo huku inakaa kwenye folda ya mafaili yaliyopakuliwa, hiyo simama nayo. Chomoa kompyuta kwenye mtandao, usifute kitu, ndipo uanze uchunguzi.

Anwani inayonitia wasiwasi mimi kuliko zote huwa hailalamikiwi na mteja. Ni ya DNS. Kompyuta haijui benki iko wapi. Huiuliza seva ya DNS, nayo hurudisha anwani. Anayeshika seva hiyo anaweza kukupeleka anakotaka, na kila kitu kikaonekana sawa: waifai ipo, kurasa zinafunguka, anwani ya kompyuta ni ya kawaida. Hili limekwisha kutokea kwa kiwango kikubwa. Kuanzia 2007 kundi la watu kutoka Estonia lilisambaza programu hasidi iliyoitwa DNSChanger, ikabadilisha mstari wa DNS kwenye kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Mahali pengine iliingia hadi kwenye ruta za majumbani, kwa kujaribu nywila zile zile za kiwandani. Wenye kompyuta walielekezwa kwenye matangazo ambayo kundi lile lililipwa kwayo. Washukiwa sita walikamatwa Novemba 2011, lakini seva hazikuweza kuzimwa siku hiyo, kwa sababu mamilioni ya watu wangeamka hawana intaneti bila kujua sababu. Mahakama ya Marekani ikaruhusu ziwekwe seva safi mahali pake, zikaendeshwa hadi 9 Julai 2012, na hata siku hiyo walikuwapo waliokatikiwa kwa sababu hawakuwahi kuusoma ule mstari.

Kwa hiyo, kila kompyuta inayopita mikononi mwako, hata kama imeletwa kwa ajili ya kibodi, isome DNS. Ikiwa ni anwani ya ruta, ingia ndani ya ruta uone yenyewe inauliza wapi. Ikiwa ni 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ni za Google na Cloudflare, muulize mwenyewe nani aliziweka. Ikiwa ni namba ambayo hakuna anayeweza kuieleza, iandike kwanza, ndipo uibadilishe. Na nywila ya ruta iliyoandikwa admin kote kote usiiache. Mwombe mwenye nyumba atunge yake, aiandike, aitunze yeye.

Nimelibakiza jambo ambalo kwangu ni zito kupita yote, nalo ni watu wanaomtafuta mtu kwa anwani. Mama ameletewa ujumbe kwamba akaunti yake imefunguliwa Nairobi naye yuko Arusha, na tayari anamshuku shemeji. Mwenye duka ana anwani kwenye karatasi na anataka umwambie ni mfanyakazi yupi. Hapa, mwanangu, tulia kabisa.

Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazitoshi. Akiba kuu ilimalizika 3 Februari 2011, mafungu matano ya mwisho yalipogawiwa mashirika matano ya kanda. Letu ni AFRINIC, lenye makao Morisi, na tangu Januari 2020 halitoi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni za simu zina wateja mamilioni, basi huwarundika wengi nyuma ya anwani moja. Simu yako hupewa namba ya ndani, mara nyingi ya 10 au ile iliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, na huko nje mnaonekana wote kwa namba moja. Ni kama sanduku la posta la shule: barua ikitoka na S.L.P. ile, hujui ni mwanafunzi gani aliyeiandika, wala huwezi kumchapa yeyote kwa sababu hiyo. Na huo mji unaotajwa mara nyingi ni pale ambapo njia ya kampuni inatokea, au ni makadirio ya kampuni inayouza ramani za anwani.

Makadirio hayo yamewahi kuumiza watu. Kampuni ya Marekani iitwayo MaxMind ilihitaji nukta ya kuweka anwani ambazo ilijua tu kwamba ziko Marekani. Ikachagua katikati ya nchi na kuzikadiria namba ziwe rahisi, latitudo 38 na longitudo 97 magharibi. Nukta hiyo iliangukia shamba karibu na mji mdogo wa Potwin, Kansas, na anwani zaidi ya milioni 600 zikahesabiwa kuwa pale. Kwa miaka, waliokaa kwenye shamba hilo walitembelewa na polisi wanaotafuta watoto waliotoroka, maofisa wa upelelezi, watu wenye hasira waliotapeliwa, hata gari la wagonjwa lililokuja kumwokoa mtu ambaye hakuwapo. Hawakuwa wamefanya lolote. Mwaka 2016 mwandishi wa habari alipofichua chanzo, kampuni ikahamishia nukta yake ndani ya maji ya bwawa, magharibi ya mji wa Wichita.

Basi mtu akikuletea anwani akitaka jina, kataa kwa upole. Msaidie kubadili nywila, kuweka uthibitisho wa hatua mbili, kuondoa vifaa asivyovijua kwenye akaunti. Akitaka kwenda polisi, mwandalie taarifa safi, na hapo angalia saa kwa makini, kwa maana hapa kwetu ndipo makosa yanapoingia. Mteja atakuambia ilikuwa saa nne usiku. Kompyuta yake imeandika 22:00. Seva ya nje, inayofuata majira ya dunia, imeandika 19:00. Ni dakika ile ile, lakini asiyelinganisha anaweza kumtafuta mtu aliyekuwa mtandaoni saa tatu kabla au saa tatu baada, na nyuma ya anwani inayotumiwa na maelfu, mtu huyo yupo, ana jina na ana familia. Kampuni ya simu nayo, kutenganisha mteja mmoja na wenzake, huhitaji namba ya poti pamoja na dakika kamili. Andika tarehe, saa kwa majira yote mawili, anwani, poti, na programu iliyohusika. Kisha mpe mwenye kompyuta karatasi hiyo aipeleke mwenyewe, bila jina la mtu yeyote juu yake.